Nauli ya peni moja: historia ya bei za ndege zinazodanganya

Kama umewahi kutafuta tiketi ya ndege mtandaoni, mchezo unaujua. Unaona nauli ya bei poa, unabofya. Ukurasa wa pili bei imepanda kidogo, wa tatu imepanda tena, na ukifika pale pa kuandika nambari ya kadi unakuta unadaiwa karibu mara mbili ya ile uliyoitiwa. Sisi tuliolelewa na matatu hatushangai sana. Manamba anaita "hamsini, hamsini", unaketi, gari likishaingia barabarani kondakta anakwambia ni themanini. Lakini na kondakta unaweza kubishana, na abiria wenzako wakakusaidia kupiga kelele. Tovuti unabishana nayo vipi?

Wengi hudhani huu ni uroho tu wa mashirika ya ndege, au mitambo imekosea. Uroho upo, sikatai. Lakini kazi yangu ni kuandika programu, na kinachonivutia mimi ni kwamba udanganyifu huu una umri mkubwa kuliko intaneti tunayoijua, na karibu kila mara umejificha mahali pamoja: kwenye ile amri inayoamua mstari upi uje juu na upi uje chini. Mambo ya kupanga orodha tu, yale tunayofundishwa muhula wa kwanza chuoni na kuyaona ya kitoto. Hebu tuanze mwanzo.

Kabla ya kompyuta, kuuza kiti cha ndege ilikuwa kazi ya karatasi. Kila safari ilikuwa na kadi yake, kadi zilipangwa kwenye meza ya kuzunguka, na makarani waliizingira meza hiyo huku simu zikiwa masikioni. Kukamilisha nafasi moja kulichukua wastani wa dakika 90. Mwaka 1953, katika ndege ya American Airlines kutoka Los Angeles kwenda New York, abiria wawili walioketi jirani waligundua wana jina moja. Mmoja alikuwa C. R. Smith, rais wa shirika lenyewe. Mwingine alikuwa R. Blair Smith, muuzaji wa IBM. Unaweza kukisia waliongea nini njia nzima. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa mfumo ulioitwa SABRE. Kompyuta mbili za IBM 7090 ziliwekwa Briarcliff Manor, jimbo la New York, mwaka 1960, na kufikia 1964 mtandao mzima ulikuwa umekamilika. Kwa mwanaprogramu hii ni hadithi ya fahari kabisa: ni mmoja wa mifumo ya kwanza ya kibiashara iliyomjibu mtu papo hapo kutoka mbali, kupitia waya za simu.

Wakati huo bei haikuwa na mchezo. Nchini Marekani nauli zilisimamiwa na serikali kupitia Civil Aeronautics Board, kwa hiyo tiketi ya njia fulani ilikuwa na bei yake na habari imekwisha. Mashirika yalishindana kwa chakula na upana wa viti. Mambo mawili ndiyo yaliyobadilisha hali. La kwanza ni kwamba mwaka 1976 American Airlines ilianza kuweka vioo na kibodi za Sabre kwenye ofisi za mawakala wa safari, na United nayo ikafanya vivyo hivyo na mfumo wake wa Apollo. La pili ni sheria ya mwaka 1978 iliyoondoa mkono wa serikali kwenye nauli na njia. Sasa kila shirika lilikuwa huru kupanga bei, na skrini zilizoonyesha bei hizo kwa umma zilikuwa mali ya mashirika mawili matatu makubwa.

Fikiria wakala wa safari wa mwaka 1981. Mteja yuko kwenye simu, mwingine anasubiri mlangoni. Skrini yake inaonyesha mistari michache kwa mara moja, na kwenda ukurasa wa pili ni kupoteza muda. Atachagua wapi? Juu, bila shaka. American wenyewe walilichunguza jambo hilo miaka hiyo na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya tiketi zilichaguliwa kutoka mstari wa kwanza kabisa, na asilimia 92 kutoka skrini ya kwanza. Takwimu kama hiyo ukiipata, na wewe ndiwe mwenye skrini, mkono utatulia kweli?

Haukutulia. Shirika dogo la New York Air lilianzisha safari kutoka La Guardia kwenda Detroit, njia ambayo American waliitegemea. Punde safari hizo zikaanza kuonekana chini kabisa kwenye skrini za Sabre. Wateja wakakauka, na New York Air ikapunguza safari zake za Detroit kutoka nane kwa siku hadi sifuri. Kwa Continental ilikuwa ni bei zenyewe: nauli zake za punguzo zilizuiwa zisionekane kwenye njia 49 ambazo American nao walikuwa wakiruka. Ndege ilikuwepo, na nauli nafuu ilikuwepo kwenye vitabu. Aliyemwuliza wakala aliambiwa bei kubwa, na wakala hakuwa anadanganya, alikuwa anasoma kilichoandikwa.

Mwaka 1983 mkuu wa American, Robert Crandall, aliitwa mbele ya Bunge la Marekani kueleza. Alichosema kwa ufupi ni kwamba kuzipa ndege zao nafasi ya mbele ndiyo sababu waliugharimia mfumo huo tangu mwanzo. Mimi naupenda ukweli wa jibu lile hata kama silipendi jambo lenyewe. Siku hizi ukiuliza swali kama hilo utajibiwa kurasa tatu kuhusu "kuboresha uzoefu wa mteja".

Kufikia Novemba 1984 zilianza kutumika kanuni zilizokataza kupanga skrini kwa kuangalia ndege ni ya nani. Bodi iliyozitunga ilivunjwa mwisho wa mwaka huo huo, ikawa kama mzee anayeacha wosia. Ulaya nayo ikaweka kanuni zake mwaka 1989.

Hapa nataka kugusia kisa ambacho hakisimuliwi sana, na kwangu ni kizuri kuliko vyote. Mashirika ya ndege ya Marekani hayatumi nauli zao kwenye kila mfumo peke yake. Huzipeleka kwenye kampuni moja ya pamoja, ATPCO, ambayo huzikusanya na kuzisambaza kwa kompyuta zote. Kila nauli huja na maelezo madogo: inaanza kuuzwa tarehe gani, itaacha kuuzwa tarehe gani. Mwaka 1992 Wizara ya Sheria ya Marekani ilishtaki ATPCO na mashirika manane. Madai yalikuwa kwamba tarehe hizo zilikuwa zimegeuzwa kuwa simu ya upepo. Shirika moja linatangaza kwamba nauli ya njia fulani itapanda wiki mbili zijazo, kisha linakaa na kuangalia. Wenzake wakitangaza hivyo hivyo, bei inapanda kweli. Wasipofuata, tangazo linafutwa kabla ya siku kufika. Kwa maneno mengine zilikuwepo nauli zilizotangazwa kwa umma ambazo hazikukusudiwa kununuliwa na yeyote, na msomaji wake halisi alikuwa mshindani. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 1994, na mashirika yakazuiwa kutumia tarehe hizo kwa namna ile. Ukitaka mfano wa uga mdogo kwenye hifadhi ya data uliobeba mazungumzo ambayo hayakuandikwa kwenye barua yoyote, huo hapo.

Kisha ikaja intaneti. Travelocity, iliyotoka kwa Sabre wenyewe, na Expedia, iliyotoka Microsoft, zote zilifunguliwa mwaka 1996. Msafiri wa kawaida akapewa kile kilichokuwa cha wakala peke yake. Wakati huo huo mashirika yalikuwa yamechoka kuwalipa mawakala. Delta ilianza kuweka kikomo cha kamisheni mwaka 1995, na kufikia 2002 kamisheni ya kawaida Marekani ilikuwa imekufa. Tafadhali lishike hili. Tovuti ya kuuza tiketi inabaki na kazi yote, ila malipo yake ya zamani yameondoka. Pesa itabidi itoke pengine, na "pengine" huko ndiko tutakokutana na bima, ada za huduma na ada za kadi.

Kabla ya kuwalaumu, niwatetee wenzangu kidogo, maana kazi yenyewe si mchezo. Mwaka 1996 kundi la watu kutoka maabara ya akili bandia ya MIT, akiwemo Jeremy Wertheimer, lilianzisha ITA Software kwa nia ya kutafuta nauli kwa ufasaha. Programu yao waliiandika kwa Common Lisp (ndiyo, wapenzi wa Lisp, mnaruhusiwa kutabasamu), na Orbitz iliitumia ilipofunguliwa mwaka 2001. Google waliinunua kwa dola milioni 700, ununuzi uliokamilika mwaka 2011. Mmoja wao, Carl de Marcken, alieleza mwaka 2003 jinsi tatizo lilivyo gumu. Safari moja ya kwenda na kurudi inaweza kugawanywa kwenye nauli mbalimbali zenye masharti yanayotegemeana, hivi kwamba hata ukishazichagua ndege zenyewe, kupata nauli ya chini kabisa ni katika matatizo tuliyoambiwa chuoni kuwa hayana njia ya mkato inayojulikana. Na usipoweka mipaka ya urefu wa safari, hakuna programu inayoweza kulijibu swali hilo kwa hakika kila mara. Nilipolisoma hilo nikiwa mwanafunzi nililala saa tisa usiku.

Kwa sababu hesabu ni ghali, na kwa sababu watu wanaotazama ni wengi mno kuliko wanaonunua, tovuti haziulizi upya kila unapobofya. Huweka nakala ya majibu ya muda mfupi uliopita na kukuonyesha hiyo. Wakati wewe unaisoma, kiti cha mwisho cha nauli ile kimekwisha kununuliwa na mtu wa Dubai. Bei ikibadilika hapo, hakuna aliyekudanganya. Lakini kuna kipimo rahisi. Nakala iliyochacha hukosea pande zote, leo bei inapanda ukibofya, kesho inashuka. Bei inayokosea kwenda juu peke yake, kila siku, kwa kila mteja, haiwezi kuelezwa kwa nakala iliyochacha.

Niliwahi kufungua zana za kivinjari na kutazama data inayorudi kutoka kwenye tovuti moja ya tiketi, ambayo sitaitaja. Jibu la utafutaji wa kwanza kabisa lilikuja na nyuga mbili kwa kila safari: bei ya kuonyesha, na jumla. Zote mbili zilifika kwenye kompyuta yangu kwa wakati mmoja, kabla sijabofya chochote. Jumla ilikaa pale kimya kurasa nne nzima ikisubiri zamu yake. Aliyeandika ukurasa ule hakukosa taarifa. Alikuwa nayo na aliambiwa aishikilie.

Kwa nini aambiwe hivyo? Turudi kwenye kupanga orodha. Miaka ya 2000 zilizuka tovuti za kulinganisha bei, zinazokusanya majibu ya wauzaji wengi na kukupangia. Zinakupangia kwa kigezo gani? Bei, ndogo juu. Jambo zuri, utasema, hakuna tena mstari wa mwenye skrini. Ndiyo, ila sasa nafasi ya juu inapatikana kwa nambari moja tu, ile inayosomwa na amri ya kupanga. Muuzaji anayeweka jumla ya kweli kwenye nambari hiyo anazama ukurasa wa tatu, kama New York Air. Anayetoa kodi, ada ya kuhudumia na ya kadi, akazisogeza mbele ya safari, anapanda juu. Muuzaji mwaminifu anaadhibiwa na mashine isiyo na ubaya wowote. Na kila kilichofuata, kwa maoni yangu, ni vita juu ya kitu kimoja: nini kiingie kwenye nambari hiyo.

Uingereza ndiko mchezo ulikochezwa bila aibu. Ryanair iliuza nauli za peni moja, halafu kodi na ada zikafuata nyuma. Mwaka 2007 idara ya kulinda biashara ya haki huko, Office of Fair Trading, iliyapa mashirika miezi mitatu kuingiza gharama zote za lazima kwenye bei inayotangazwa. Mwaka huo huo Kamishna wa Ulaya wa masuala ya walaji, Meglena Kuneva, alisimamia ukaguzi wa tovuti za tiketi katika nchi nyingi kwa pamoja, na zaidi ya nusu zilikutwa na kasoro. Tarehe 1 Novemba 2008 ikaanza kazi Kanuni namba 1008/2008. Kifungu chake cha 23 kinasema bei ya mwisho ionyeshwe wakati wote, pamoja na kodi, tozo na ada zisizoepukika, na kwamba nyongeza ya hiari lazima mteja aichague mwenyewe.

Soma kifungu hicho kama mwanaprogramu utaona mianya. "Zisizoepukika." "Hiari." "Wakati wote." Kila neno lilipelekwa mahakamani.

Neno hiari lilikuja na vile visanduku ambavyo tayari vimewekewa tiki, usipoitoa unanunua bima. Tovuti ya ebookers ya Ujerumani ilijitetea kwamba bima ile ilikuwa ya kampuni nyingine, si yake. Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2012 ikakataa, ikasema anayeuzwa ni abiria yule yule. Ryanair walikuwa na ubunifu zaidi: asiyetaka bima alitakiwa kufungua orodha ya nchi anayoishi, ashuke, na katikati ya Denmark na Finland akute chaguo la kukataa, limepangwa kwa alfabeti kana kwamba ni nchi. Hata kupanga kwa alfabeti, kitu kisicho na hatia kuliko vyote, kilipata kazi. Mwingereza Harry Brignull, ambaye mwaka 2010 alianza kukusanya mitego ya namna hii na kuipa jina, aliutumia mfano huo, na kila mtu akauelewa.

Neno wakati wote lilifika mahakamani mwaka 2015. Air Berlin ilionyesha jedwali la safari, lakini bei ya mwisho iliihesabu kwa ile moja tu uliyoichagua. Mahakama ikasema bei ya mwisho iwepo kwa kila safari kwenye jedwali, tangu mara ya kwanza linapoonekana, maana vinginevyo mtu atalinganishaje? Hukumu hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu imegusa kidonda chenyewe: kinachopangwa na kulinganishwa ndicho kinachopaswa kuwa kweli. Zisizoepukika nalo lilisubiri hadi 2020, Mahakama iliposema kuhusu Ryanair kwamba ada ya kujiandikisha mtandaoni, pale ambapo hakuna njia ya bure, ni sehemu ya bei na lazima ionyeshwe tangu mwanzo.

Wakati mawakili wakibishana juu ya visanduku, pesa kubwa zaidi ilikuwa imehamia mahali pengine. Mafuta yalipoanza kupanda katikati ya miaka ya 2000, mashirika hayakupandisha nauli. Yaliongeza "tozo ya mafuta" na kuiandika kwenye sehemu ya tiketi ya kodi, chini ya herufi YQ au YR. Si kodi. Haiendi serikalini hata senti. Lakini ikikaa pale ina faida nyingi: kamisheni ya wakala na punguzo la kampuni kubwa vilihesabiwa kwa nauli ya msingi, kwa hiyo tozo haikuguswa, na aliyekusanya pointi zake miaka mitano akapata tiketi "ya bure" mara nyingi alijikuta akiilipa tozo yote. Na kwa kuwa haikuonekana kama bei, ilikuwa rahisi kuipandisha pamoja. British Airways na Virgin Atlantic walikubaliana juu ya tozo hizo kati ya Agosti 2004 na Januari 2006, na katika muda huo ilipanda kutoka pauni 5 hadi pauni 60 kwa safari ndefu ya kwenda na kurudi. Virgin ndio waliokwenda kusema, wakasamehewa. BA walitozwa faini ya dola milioni 300 Marekani, na Uingereza faini ambayo mwanzoni ilikuwa pauni milioni 121.5 na mwaka 2012 ikashushwa hadi milioni 58.5.

Marekani walichelewa. Huko kwa miaka mingi muuzaji aliruhusiwa kutangaza nauli na kuorodhesha kodi za serikali kando. Kuanzia tarehe 26 Januari 2012 Wizara ya Uchukuzi ilitaka tangazo libebe bei yote. Spirit Airlines wakawaonya wateja wao kwamba serikali inawalazimisha kuficha kodi ndani ya nauli! Wakaenda mahakamani pamoja na Allegiant na Southwest, wakashindwa Julai 2012. Mwaka 2014 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kurudisha utaratibu wa zamani, ukaitwa wa nauli za uwazi, jina ambalo ningelipa tuzo. Ukafia Seneti.

Ila hata hapo nambari ilikuwa imeshaanza kuvuja upande mwingine. Juni 2008 American Airlines walianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, na wengine wakafuata. Ada ya begi ina sifa mbili za ajabu. Kwanza ni ya hiari, kwa hiyo sheria ya bei kamili haiigusi. Pili, kodi ya asilimia 7.5 ya nauli za ndani Marekani haiigusi pia. Serikali iliyotaka bei moja ya kweli ndiyo inayolipa watu kuigawanya. Aprili 2024 Wizara ilitoa kanuni ya kutaka ada za mabegi na za kubadilisha tiketi zionyeshwe mara ya kwanza bei inapotajwa, na Julai mwaka huo mahakama ya rufaa ikaisimamisha.

Na sisi huku? Mtindo ulikuja kwa ndege, kama ilivyotarajiwa. Fastjet, iliyoungwa mkono na Stelios Haji-Ioannou wa easyJet, ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam tarehe 29 Novemba 2012 kwenda Kilimanjaro na Mwanza, na tangazo lake lilisema nauli zinaanzia shilingi 32,000 za Tanzania, kabla ya kodi za serikali. Nisieleweke vibaya, waliwapandisha ndege watu wengi waliokuwa wakilala kwenye basi, na walipokoma kuruka Tanzania mwishoni mwa 2018 pengo lilionekana. Lakini hayo maneno "kabla ya kodi" yaliandikwa Dar es Salaam miaka minne baada ya kukatazwa Ulaya.

Kenya maneno ya kisheria tunayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye heshima, na Sheria ya Ushindani ya mwaka huo huo inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Hatuna kitu chenye makali ya kile kifungu cha 23, kinachotaja tiketi ya ndege na kusema nambari ipi ionyeshwe lini. Lakini tumewahi kufanya kazi kama hiyo kwingine. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliziagiza kampuni zinazotoa huduma za fedha kwa simu zimwonyeshe mteja gharama kabla hajathibitisha muamala, siyo kwenye ujumbe unaokuja baada ya pesa kuondoka. Wenzangu waliofanya kazi kwenye mifumo hiyo wanajua mabadiliko yalikuwa madogo kiasi gani. Gharama ilikuwa inahesabiwa siku zote, na ikabidi tu ichapishwe hatua moja mapema.

Kwa tiketi ya ndege, hadi hapo patakapokuwa na agizo la namna hiyo, kuna jambo unaloweza kufanya leo. Fungua risiti ya tiketi yako ya mwisho, shuka hadi kwenye orodha ya kodi, utafute YQ na YR. Toa kiasi hicho kwenye kodi, ukiongeze kwenye nauli, kisha rudi uangalie tangazo lililokuvuta ukanunua.